Chupa Ukutani kwa Komadre Chencha

Oktoba 19
Daktari Yasmini wa zahanati ameniambia niandike kila siku nilichokula, nilichokunywa na jinsi moyo ulivyokwenda. Nikamwambia shule niliiacha darasa la tatu, na mwalimu alimshukuru Mungu. Akasema, "Andika tu, Don Eligio, hata kwa makosa." Haya. Nimekula maharage. Nimekunywa kahawa, nikasema ni maji. Moyo umekwenda kama punda mwenye jiwe kwatoni: anapiga hatua mbili, anasita, anapiga moja, anaruka. Basi.

Lakini daftari ni nene, siku ni ndefu, na vitu vingine vyote nimekatazwa. Kwa hiyo humu nitaandika yangu mwenyewe. Daktari nitamsimulia kwa mdomo yale yanayomfaa.

Nimekatazwa kupanda ngazi. Nimekatazwa kubeba kreti. Nimeamriwa kumeza vidonge na kukaa. Kukaa! Msimu wa matejokote, vitufaha vyetu vya mlimani, umefika, miti yangu imeinamisha matawi mpaka inatia huruma, matunda yamewiva manjano hadi ukingoni mwa shamba, na mimi nikae kwenye kiti kama picha ya marehemu.

Binti yangu Odilia amekuja kutoka mjini Puebla kusimamia amri hizo. Ameshuka kwenye basi na masanduku mawili na uso wa askari wa barabarani. "Upuuzi mmoja tu, Baba," kaniambia kabla hata hajanisalimia. "Upuuzi mmoja, na unakuja kukaa kwangu."

Kwake ni ghorofa ya nne. Dirisha linatazama dirisha. Nilikaa huko kidogo baada ya kumzika mama yake, nikawa namwamkia kila asubuhi mwanamke wa dirisha la pili, maana sikuwa na kingine cha kutazama. Mumewe akaja kugonga mlango.

Oktoba 20
Upepo. Nimemeza kidonge. Nimeitazama ngazi.

Oktoba 23
Anayechuma badala yangu ni mpwa wangu Nabor. Nabor ni mtu mzima mwenye ndevu, lakini anapanda mti kama anayepanda kitanda cha mgonjwa. Mtejokote una miiba mirefu ya kushonea magunia. Mkono lazima uingie kwa chini, ukiwa umelegea, kama unayemchukulia kuku mayai. Yeye anaingiza kwa juu kama anayemkamata mwizi.

"Kwa chini, Nabor!"

"Mjomba, ukiendelea kunifundisha nitaanguka makusudi."

"Ukianguka usiangukie upande wa mti wa mapeasi. Huo nimeupandikiza mwenyewe juu ya shina la mtejokote, una thamani kuliko wewe."

Kicheko kikatoka upande wa pili wa ukuta. Ni komadre Chencha. Ndiye aliyemshika Odilia siku ya ubatizo, ndiyo maana namwita komadre naye ananiita kompadre. Tumeishi ukuta kwa ukuta tangu sote wawili tukiwa na meno. Ukuta wenyewe unanifika kifuani, yeye unamfika kidevuni, kwa hiyo mara nyingi naongea na kichwa tu chenye kitambaa.

Hapa kwetu mtu akikohoa anakwenda kwanza kwa Chencha na chupa tupu, zahanati baadaye. Anachemsha matejokote na sukari guru na mdalasini mpaka yanakuwa mazito kama asali, na kikohozi kinaona aibu kuendelea. Kwa wanaume wanaosimama uani muda mrefu bila matokeo, anachemsha kipande cha mzizi. Kwa moyo ni majani na maua ya mti huohuo aliyoyaanika tangu masika. Mimi ni wa moyo. Kila jioni kikombe kinapita juu ya ukuta.

Daktari aliniuliza kama natumia dawa za miti. Nikamwambia mimi ni mtu wa kisasa.

Oktoba 27
Odilia hali. Anapika tamale za mahindi, ananisimamia nile, yeye anakunywa maji. Mjukuu wangu Anahí anaolewa Januari, na Odilia kajinunulia gauni dogo la kuvaa harusini, makusudi, ili limtie adabu. Limetundikwa mlangoni pa chumba chake. Kila akipita analitazama, nalo linamtazama.

Tena ana siri. Juu ya kabati la jikoni kuna kopo la maziwa ya unga, na katika nyumba hii hakuna anayekunywa maziwa ya unga. Anapanda kwenye kigoda, anafungua, anatia kitu mdomoni, anashuka. Anadhani baba yake ni kipofu. Baba yake amekatazwa kazi zote isipokuwa kutazama.

Novemba 2
Leo ni Siku ya Wafu, nao wamekuja. Tumempangia Eufrosina wangu madhabahu yake: mishumaa, mkate, maua ya rangi ya machungwa, na mkufu wa matejokote niliouunga mwenyewe kwa sindano. Hiyo kazi sikukatazwa. Eufrosina alipenda tejokote bichi lenye chumvi, linalokunja uso. Mwaka wetu wa kwanza nilidhani ananikasirikia kumbe anakula.

Komadre kaleta bakuli la yaliyopikwa kwa sukari. Kakaa mbele ya picha, akamwambia marehemu, "Komadre, huyu mumeo ameshindikana, mchukue."

"Hanitaki," nikasema. "Huko kuna ngazi nyingi."

Wote walikaa. Mimi nilizunguka. Nilitoka, nikahesabu kreti, nikarudi, nikatoka. Siwezi kukaa. Mtu akikaa sana mwezi wa Novemba wanamwekea mishumaa.

Novemba 6
Mlima wetu wa moto, Don Goyo, unavuta sigara tangu asubuhi. Majivu juu ya matunda. Yeye hakuna aliyemkataza.

Novemba 9
Nilikuwa kwenye kipandio cha pili tu.

"Baba!"

"Naipima kama bado ni imara."

"Shuka."

"Ngazi ni kama binti, lazima uijaribu mara kwa mara kama—"

"Shuka, Baba. Hilo ni onyo. La pili ni Puebla."

Juu ya ukuta kile kichwa chenye kitambaa: "Mpeleke, Odilia, mpeleke! Wenye ghorofa nao wapate taabu kidogo." Kisha, Odilia alipoingia ndani, sauti ya chini: "Kompadre, ukipelekwa, kikombe changu nitampa nani? Tulia basi, mzee mbaya."

Nilitulia. Mpaka saa ya chakula.

Novemba 13
Leo Odilia kaenda sokoni. Nimekijaribu kigoda. Kigoda si ngazi.

Ndani ya kopo kuna bahasha ya plastiki yenye picha ya mwanamke mwenye kiuno cha nyigu. Imeandikwa: Mzizi halisi wa tejokote. Agiza kwa simu. Hukausha mafuta ya mwili. Huimarisha moyo. Nikacheka mpaka nikashika kabati. Mtoto wangu mwenyewe, aliyezaliwa katikati ya mitejokote, aliyekunywa mtejokote hata kabla ya maziwa, anaagiza mtejokote kwa simu!

Ndani kulikuwa na vipande vidogo, vyeupe. Nikasoma tena. Huimarisha moyo. Nikafikiri: kama majani yanasaidia, mzizi je? Moyo ukishika mwendo, daktari ataniruhusu ngazi. Msimu bado. Matawi ya juu Nabor hayafikii kabisa, matunda mazuri kuliko yote yako huko yanaliwa na ndege.

Nimetafuna kipande kimoja kidogo. Kichungu. Dawa yoyote ya maana ni chungu.

Novemba 14
Hamna kitu. Moyo ni punda yuleyule.

Novemba 16
Nimechukua viwili. Vikubwa.

Novemba 20
Leo ndiyo naweza kushika kalamu.

Ilianza jioni ileile. Mdomo ukafa ganzi kama nimelamba betri. Nikanywa kikombe cha komadre kama kawaida, nikamrudishia, nikamtania kuhusu kitambaa chake, nikageuka, na ua wote ukageuka pamoja nami. Nilitapika juu ya viatu. Kisha moyo. Safari hii haukuruka. Ulipunguza mwendo. Kila pigo likawa linasubiri kuombwa. Nilikaa chini ya mti wa mapeasi nikawa naubembeleza: haya, moja tena. Haya, bwana, moja tena.

Nabor alinibeba kwenye gari la kreti, juu ya matunda. Zahanati ilikuwa imejaa, benchi zima. Donya Ubalda, mwenyekiti wa kamati ya sherehe za Krismasi, alikuwa mbele kabisa na kikohozi chake na masikio yake.

"Amekunywa nini?" daktari akauliza.

"Vidonge vyako," Odilia akasema, analia. "Na chai ya majani ya Donya Chencha. Kila jioni anampitishia ukutani. Mnadhani sioni? Amekunywa, amegeuka, ameanguka!"

Daktari akanitazama. Mtu wa kisasa nikafumba macho. Akasema, polepole na kwa haki, lazima niandike kwamba ni kwa haki: "Majani hayo yanaweza kuzidisha nguvu ya vidonge. Sijajua kama ndiyo sababu. Kwa sasa ayaache. Kuna kingine alichokula?"

Nilifungua mdomo.

Nikaiona ghorofa ya nne. Nikaliona dirisha linatazama dirisha. Nikajiambia: mzizi na jani ni mti mmoja, kama kosa ni la jani basi hata la mzizi ni hilohilo, kuna tofauti gani? Nikafunga mdomo.

Daktari alisema "sijajua". Lakini neno hilo halikutoka nje ya mlango wa zahanati. Kilichofika uwanjani pamoja na Donya Ubalda ni kwamba Chencha amemtilia Eligio sumu.

Novemba 23
Chupa moja juu ya ukuta wa komadre, upande wa barabarani. Imeoshwa. Hakuna aliyebisha hodi. Ya Donya Ubalda. Naijua kwa kizibo chake cha kitambaa cheupe. Bado anakohoa, tunamsikia mpaka huku.

Novemba 25
Chupa zimeongezeka. Nyingine zina dawa ndani, hazijaonjwa.

Jioni komadre alikuja ukutani. Mikono mitupu.

"Kompadre, nitazame."

Nikautazama mti.

"Nimekupa kikombe hichohicho tangu alipotutoka komadre Eufrosina. Majani ya mti uleule, sufuria ileile. Ulikula nini kingine siku ile?"

"Maharage."

"Eligio."

Jina tupu namna hiyo hajaniita tangu nilipooa.

"Maharage, komadre."

Alinitazama kama unavyolitazama tunda zuri ambalo ukilibonyeza kidole kinazama. Akaingia ndani. Mlango wake una bawaba inayolia, nikaisikia mpaka ikanyamaza.

Novemba 28
Upepo wa baridi kutoka mlimani. Chupa tupu zisizo na vizibo zinapiga mluzi. Ukuta mzima. Komadre haziondoi. Nilimwambia Nabor aziondoe, akasema, "Si zangu, mjomba." Si za mtu tena.

Novemba 30
Mluzi.

Desemba 3
Umande umeganda kwenye majani. Tunda likipigwa na baridi linakuwa tamu zaidi. Hizi ndizo siku zangu. Sikuitazama hata ngazi.

Donya Ubalda kapita kumjulia hali mgonjwa, yaani kuja kutazama. Kasema kamati imekaa. Mwaka huu, usiku wa mwisho wa posada, tukishawazungusha Maria na Yosefu nyumba kwa nyumba kuomba malazi, tutakunywa kahawa.

"Kahawa!" nikasema. "Posada bila ponche ya moto ya matunda? Tangu nizaliwe watu wamemaliza kwenye ua wa Chencha, chungu kikubwa, matejokote, miwa, mapera—"

"Na nani atakunywa, Don Eligio? Wewe utakunywa?"

Odilia akamjibu kwa niaba yangu: hapana, hatakunywa. Odilia mwenyewe uso umekuwa rangi ya mshumaa. Gauni sasa linamwingia. Akijiangalia anashika ukuta.

"Kula kidogo, mwanangu."

"Sina njaa. Tumbo linanigeuka tu, ni hizo chupa, Baba, haziniachi nilale."

Hata mimi. Lakini yeye anadhani zinamshtaki Chencha, mimi najua zinanishtaki mimi.

Desemba 8
Mchana huu. Naandika kwa haraka.

Nilimkuta jikoni sakafuni, mgongo kwenye kabati, kopo mapajani. Alikuwa ametapika. Anajigusa midomo kwa vidole kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Baba, mdomo sihisi."

Hapo nikajua. Sikuhitaji shule.

"Umekula vipande vingapi?"

"Vipande gani?"

"Vya kopo, Odilia!"

"Wewe umejuaje—"

"Kwa sababu nami nimevila!"

Alinikodolea macho. Sikumpa nafasi ya kunikaripia. Nilimwita Nabor kwa sauti ambayo daktari amenikataza. Tukampakia kwenye gari la kreti, mahali palepale nilipolala mimi. Kopo nililishika kifuani kama mtoto.

Daktari alimimina vipande kwenye sahani, akavigeuza kwa kibano. Aliwahi kuona mgonjwa wa namna hii alipokuwa akisomea udaktari. "Huu si mzizi wa tejokote. Hii ni kokwa ya mti mwingine kabisa, ule wa maua ya manjano wanaoupanda uani kwenye nchi za joto. Ni sumu ya moyo. Wanaikata vipande, wanaiandika jina lingine."

Naandika hili ingawa linanichoma. Mizizi ya mtejokote nimeishika tangu sijaota ndevu. Ni myekundu ikikatwa, ina nyuzi, ina harufu ya mvua. Kile kipande kilikuwa cheupe na laini kama jino. Kama mgeni angenipa mkononi bila jina, ningemtemea. Lakini kilikuja na jina la nyumbani, nikafungua mdomo kama ndege.

"Nani mwingine amekula?" daktari akauliza, huku anamfunga Odilia mpira mkononi.

"Mimi."

"Lini?"

"Siku ileile niliyoletwa."

Akaacha alichokuwa anafanya, sekunde tu. "Don Eligio. Watu wamemrudishia yule mama chupa zake zote."

"Najua. Ndizo jirani zangu."

Gari la wagonjwa limempeleka Cholula. Nabor anatia mafuta, tunaenda nyuma yao. Ee Eufrosina, usimchukue. Kama unataka mtu, nipo hapa, mimi ndiye wa zamu.

Desemba 11
Cholula. Ukumbi wa hospitali una viti vilivyofungwa pamoja ili wazee wasiondoke navyo. Nimetembea mpaka mlinzi akaniuliza kama nimeajiriwa.

Moyo wake umeanza kushika mwendo. Leo wameniruhusu kuingia.

"Baba, usimwambie mtu."

"Komadre Chencha lazima—"

"Mwambie si yeye. Lakini mimi usinitaje. Januari namwozesha mtoto, kijiji chote kitakuwepo. Watanitazama kiuno, si bibi harusi. Tafadhali, Baba." Alilia kama alivyolia alipong'oka jino la kwanza. Kisha akafuta uso, akawa askari tena. "Na wewe umevunja sharti. Unajua, si ndiyo?"

"Najua. Nimeshaanza kuiaga miti."

Sikutania. Akageuza uso ukutani.

Desemba 14
Odilia yuko nyumbani, anakunywa mchuzi.

Nimekwenda kwa komadre, kwa lango, si kwa ukuta. Nikamwambia yote, nimesimama. Alikuwa anachambua mapera, hakuacha.

"Nilijua si majani," akasema alipomaliza kunisikiliza. "Sikujua ni wewe."

"Naomba msamaha, komadre."

"Unaniambia mimi ya nini? Mimi nilikuwa najua tayari. Waambie wenye chupa."

"Odilia hataki..."

"Basi, kompadre. Wewe ni hodari wa maneno, tangu ujana wako unayauza na hakuna anayenunua. Tafuta."

Akanipa pera moja, bovu upande. Nimelila lote.

Desemba 17
Jana, posada ya kwanza kati ya tisa. Kahawa. Watu walikunywa kama wanaomeza vidonge vyangu.

Desemba 21
Sijalala vizuri. Natafuta maneno. Nimemuuliza Nabor angesema nini. Kasema angehama.

Desemba 24
Usiku wa mwisho. Wimbo wa kuomba malazi umeimbwa kwenye milango yote, na kwa desturi mlango wa mwisho ni wa Chencha. Kamati walitaka kuuruka. Lakini waliobeba sanamu za Maria na Yosefu ni wazee, miguu yao inajua njia. Wakasimama kwa Chencha, kundi zima likasimama nyuma yao.

Akafungua. Uani moto unawaka. Chungu kikubwa kimejaa mpaka shingoni, matejokote yanaelea, harufu ya miwa na mdalasini inakushika ukosi. Alikipika. Peke yake, bila kujua kama kuna kinywa kitakachofika. Vikombe vimepangwa mezani. Watu wakaingia, wakasimama ukutani, mikono mfukoni. Wakatazama vikombe. Hakuna aliyenyoosha mkono. Chupa nje zilikuwa zinapiga mluzi na Donya Ubalda akakohoa.

Nikapanda juu ya kigoda. Odilia akanishika suruali. Nikamwambia, "Kigoda si ngazi."

"Jamani," nikasema, "sikilizeni kabla hamjafa kwa baridi. Siku ile niliyoanguka, chai ya huyu mama haikuwa na kosa. Niliangushwa na dawa niliyoiagiza mwenyewe, kwa simu ya Nabor."

"Simu yangu?" Nabor akasema.

"Nyamaza, Nabor. Ilikuwa dawa... ya kupunguza mwili."

Moto ukapasuka kidogo.

"Kupunguza mwili wa nani?" akauliza mtu nyuma.

"Wangu."

Nikafungua koti. Nina mwili wa mpini wa jembe. Mkanda wangu una matundu ya kuongezea niliyotoboa kwa mwiba wa mtejokote, na mkia wake unafika mgongoni. Nikajigeuza wauone. "Harusi inakuja. Nilitaka nicheze bila tumbo."

Donya Ubalda ndiye aliyeanza. Alianza kwa kikohozi, kikageuka kicheko, akashika meza. "Upungue nini, mzee wewe? Ukipungua tena si tutakuanikia nguo!"

"Ukipita mlangoni usigeuke ubavu, tutadhani umeondoka!"

"Anataka wachumba!"

"Wamwone wapi?"

Wacheke. Waliponyamaza kidogo nikasema yaliyobaki bila mzaha: kwamba bahasha iliandikwa mzizi wa tejokote na ndani ilikuwa sumu, daktari anajua, yupo pale mlangoni, mwulizeni, kwamba komadre aliniuliza kwa mdomo wake nilikula nini nami nikamwambia maharage, kwamba kila aliyerudisha chupa aliirudisha kwa sababu ya maharage yangu. Daktari Yasmini akatikisa kichwa kukubali. Hakumtazama Odilia hata kidogo. Mtoto mzuri yule.

Nikashuka. Odilia alikuwa ameachia suruali yangu. Alinitazama muda, machozi yamemjaa. Kisha mbele ya watu wote, na kiuno chake, akaenda mezani, akachukua kikombe, akakinyoosha kwa mama yake wa ubatizo. "Nijazie, Mama Chencha. Na matunda mengi."

Akanywa. Akatafuna tejokote, akatema mbegu motoni. Nyuma yake mikono ikatoka mifukoni.

Mimi nilisubiri kando. Nilidhani sitapewa. Komadre alihudumia kijiji kizima, kisha akainua upawa, akaniangalia.

"Kikombe chako kiko wapi, mpunguza mwili?"

Desemba 25
Ukuta mtupu. Upepo umepita bila kusema neno.

Desemba 26
Daktari kaja kwa komadre, wamekaa jikoni muda mrefu. Nilisikiliza ukutani. Kikombe cha majani kisimame mpaka anipime upya, halafu ataona kama kidogo kinafaa pamoja na vidonge. Komadre hakununa. Kamwambia, "Sawa, mwanangu. Na wewe hicho kikohozi umekipata wapi?" Daktari kaondoka na chupa.

Kijijini jina langu sasa ni Kiuno. Hata padri.

Desemba 28
Leo ni siku ya kudanganyana, hapa kwetu kila mtu anamchezea mwenzake. Ndiyo maana nilipomwona Odilia na Nabor wanaitoa ngazi yangu langoni sikushtuka.

Masanduku yake yalikuwa mawili. Langu halikuwepo. Nilikuwa nimelifunga tangu jana, nikaliweka mlangoni.

"Nimelifungua," Odilia akasema. "Nguo zako ziko kabatini. Ghorofani kwangu ungewasumbua watu."

"Na sharti?"

"Sharti ni sharti. Wewe unabaki, ngazi inakwenda."

Nilicheka. Sikukuu ya wajinga, nikasema. Kondakta akaifunga ngazi juu ya basi kwa kamba, mbele ya macho yangu. Odilia akanikumbatia, akanibana mbavu zote, akasema sikioni, "Mzee mwongo." Akapanda. Basi likakata kona na ngazi yangu juu yake, ikielekea ghorofa ya nne, kutazama dirisha.

Nimesimama barabarani mpaka vumbi likatua. Kwenye ncha ya mti wa tatu bado kuna matunda ambayo Nabor hakuyafikia, yamepigwa na baridi, matamu kuliko yote ya mwaka.

Komadre ana ngazi yake nyuma ya banda la kuku. Hakuna aliyefikiria kumuuliza.